Mgeni Asiyeandikishwa

Kila Jumapili alasiri Ratri alikaa kibarazani na daftari la wageni mapajani, kalamu juu ya sikio, kama karani wa mahakama aliyesahau kukua. Baba yake, Pak Mulyadi, alikuwa mkuu wa mtaa wao mdogo mjini Magelang, Indonesia: nyumba arobaini na mbili, na paka wasio na hesabu. Penye mdomo wa uchochoro palikuwa na kibao cha bati kilichosema kwamba mgeni yeyote anayelala mtaani aripoti kwa mkuu kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Vibao vya namna hiyo viko mitaa yote, na mingi inavitumia kuanikia matambara. Kwa Pak Mulyadi kibao kilikuwa kibao.

Jumapili hiyo alikuja kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo, akasema yeye ni mpwa wa Bu Darmi, mama muuza tempe, kile chakula cha soya. Pak Mulyadi akamsogezea chai, kisha akamuuliza yaleyale anayowauliza wote: unalala nyumba ipi, nani mwenyeji wako, umefika lini. Ratri akaandika.

"Shati zuri vile na bado unamhoji, Pak?" Ratri alimuuliza baba yake baada ya kijana kuondoka.

"Shati halinionyeshi mlango anaoingilia usiku. Mimi nauliza mlango."

Ndani, feni ya kompyuta ilikuwa inanguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Dada yake Ratri, Mbak Kinasih, alikuwa anamalizia sura ya mwisho ya tasnifu yake ya chuo, ya kukabidhiwa kesho yake saa nne asubuhi. Asipokabidhi, angengoja muhula mzima. Kila herufi aliyobonyeza ilichukua muda wake kutokea, kama inatembea kwa miguu kutoka Jakarta. Mashine ilikuwa hivyo tangu Alhamisi. Alipokwenda kuoga ili asije akaipiga ngumi mashine, Ratri alijisogeza kitini.

Shuleni walishafundishwa kufungua orodha ya kazi zinazoendeshwa na kompyuta. Akaifungua. Kulikuwa na kazi iitwayo svchost. Chini yake svchost nyingine, na nyingine tena, zaidi ya ishirini, zimejipanga kama ndugu waliokuja arusini bila mwaliko. Jina lenyewe lilikuwa kama mtu anayepiga chafya. Katikati yao palikuwa na moja yenye jina la heshima, "Msaidizi wa Mfumo", na kipicha cha ngao ya kijani. Ratri akaona huyo ndiye askari, na wale wenye chafya ndio wezi. Akachagua svchost moja, akaizima.

Skrini ikawa nyeusi. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha upya, na kurasa mbili ambazo Mbak Kinasih hakuwa amezihifadhi zikapotea. Feni ikaendelea kunguruma vilevile.

Mbak Kinasih alirudi na taulo kichwani. Hakupiga kelele, jambo ambalo Ratri aliliona baya zaidi. Alisema tu kwamba mhandisi wetu asiguse kitu tena, akachukua karatasi zake za kuandikia mkono, akaenda jikoni kuzitafuta zile kurasa mbili kichwani mwake.

Pak Mulyadi aliingia, akavuta kiti. Alikiri kwamba kompyuta aliijulia kwenye kuandika barua tu. Ratri akaifungua tena ile orodha, na baba akaitazama kwa muda mrefu.

"Hawa wenye jina moja," alisema, "wanalala wapi?"

Ratri akataka kucheka, lakini mkono ulikuwa umeshabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Palikuwa na chaguo la kufungua mahali faili lilipo. Akajaribu svchost ya kwanza: ilitoka kwenye folda ya mfumo wenyewe. Ya pili, hukohuko. Ya tano, hukohuko, na kwenye sifa zake ilikuwa na saini ya waliotengeneza mfumo.

"Kumbe ni watu wa nyumbani," baba alisema. "Wafanyakazi wengi, sare moja. Na huyu mwenye ngao?"

Hapo hodi ikabishwa mlangoni, na Pak Mulyadi akatoka. Ratri akabaki peke yake na Msaidizi wa Mfumo. Akafungua anwani yake.

Hakulala kwenye nyumba ya mfumo. Alilala ndani ya folda ya vitu vilivyopakuliwa, ubavuni mwa programu ya kupata dhahabu isiyokwisha kwenye mchezo, aliyoipakua Ratri mwenyewe baada ya binamu yake Gandung kumwambia kwamba anacheza kama bibi. Hakuwa na saini ya mtu. Tarehe ya kuingia: Alhamisi, saa kumi na dakika kumi na mbili. Pembeni, nambari zilionyesha kwamba karibu nguvu yote ya kompyuta ilikuwa inaliwa na yeye.

Ratri akapeleka mshale kwenye kitufe cha kufuta. Angeweza kumfuta na kunyamaza. Feni ingetulia, na yeye angeitwa shujaa. Lakini akakumbuka kwamba tangu Alhamisi Mbak Kinasih alikuwa ameandika nenosiri lake la chuo kwenye kompyuta hiyo kila siku. Mgeni huyu alikuwa amesoma nini? Kufuta kusingejibu swali hilo.

Akaenda jikoni.

"Mbak, mwizi nimempata. Nimemleta mimi."

Alieleza yote: mchezo, dhahabu, Gandung. Baba alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mbak Kinasih akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo karani wa wageni ndiye mwenyeji wa mwizi."

"Ndiyo, Mbak."

"Na dhahabu ulipata?"

"Hata punje."

Mbak Kinasih alitaka kununa, lakini kona ya mdomo ilimsaliti. Akachomoa waya wa mtandao, akabadilisha nenosiri kwa simu yake, kisha akaiwasha programu ya kusaka virusi ipekue mashine nzima. Ilimkamata Msaidizi pamoja na ile dhahabu, ikawafuta. Feni ikashusha pumzi. Ratri akakaa karibu na dada yake, akimsomea yale aliyoyaandika kwa mkono, na kabla ya magharibi kurasa mbili zikawa zimerudi. Sura ikakamilika.

Pak Mulyadi akaleta daftari la wageni.

"Wenye jina baya uliwafukuza, mwenye jina tamu ukamwacha," alisema. "Siku nyingine uliza analala wapi, na nani amemleta. Ukigundua aliyemleta ni wewe, sema siku hiyohiyo, kama ulivyosema leo. Saa unayonyamaza, yeye anafungua kabati lingine. Sasa andika."

"Niandike nini, Pak? Ameshaondoka."

"Alilala usiku tatu."

Ratri akachukua kalamu kutoka juu ya sikio. Jina: Msaidizi wa Mfumo. Anakotoka: hakusema. Alifika Alhamisi, ameondoka Jumapili. Kwenye safu ya mwenyeji kalamu ilisimama kidogo. Kisha akaandika jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.