Njaa ya Chini ya Tangi

Mnyama alikuwa amekataa kuzama. Alielea mkia juu, tumbo limevimba, miguu ikitapatapa kutafuta chini isipafikie. Alikuwa aksolotli, kiumbe mweupe aishiye kwenye maji, umbo la mjusi, mashavu yenye vishada kama manyoya. Mfugaji wake alikuwa binti wa fundi cherehani. Binti alizikwa mvua zilipoanza, na fundi, mama yake, hakubakiwa na kingine cha kulisha.

"Hali kitu," alimwambia daktari wa mifugo. "Minyoo nikimtupia haigusi. Lakini nikirudi siikuti."

"Maji yakichafuka au yakipata joto, hewa humjaa tumboni. Mhamishie kwenye beseni, maji safi ya baridi yasiyo na klorini, uyabadilishe kila siku. Usimlazimishe kula. Asipopata nafuu, mlete."

Kweli, kwenye beseni mnyama alitulia, akazama, akala. Fundi akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Akalisugua tangi la kioo, akalijaza maji mapya, akamrudisha. Mnyama akapanda juu mbio na kujibana kwenye kioo.

Ndipo fundi alipoelewa. Mnyama hakuwa akielea kwa ugonjwa tu. Alikuwa akikikimbia kilichokuwa chini.

Mumewe alikuwa kazini. Fundi alimtoa mnyama, akadondosha mnyoo mmoja, akaukodolea macho ukishuka, na maji yalipoanza kutoa harufu ya jasho la homa, harufu ileile aliyoifua kwenye mashuka ya binti wiki nzima bila kuimaliza, mnyoo ukatoweka kama uliomezwa na kinywa kisichoonekana, kisha kutoka chini kabisa ikapanda sauti nyembamba aliyoijua kuliko yake mwenyewe, ikisema, "Mama, nina njaa."

Hakumwambia mtu. Alitupa minyoo, kisha mkate, kisha nyama, mpaka mume alipomkuta mkono umezama hadi kiwiko. Akauvuta. Vidole vilijaa alama za meno madogo.

"Nani kakung'ata?"

"Mwanao."

"Mwanangu nilimzika kwa mikono hii, mke wangu," alinong'ona, na siku hiyohiyo akamleta mganga, mwanamke mfupi mwenye mafua.

"Ni jini, kaazima sauti," alisema mganga. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu naye kaujua. Nitamtoa. Ila akikuita, usiitike. Ukiitika umempa nyumba."

Akaanza kunuiza. Maji yakachemka bila moto.

"Mama, ulisema ningoje umalize mshono. Umemaliza?"

Fundi akauma kiganja. Siku ya mwisho binti aliomba uji. Alimwambia angoje, na alipomaliza mshono na kuingia na bakuli, hakukuwa na wa kumnywesha. Hayo hakumsimulia yeyote.

"Mama?"

Damu ikamtiririka mkononi. Hakuitika. Kioo kikapasuka, maji yakamwagika, harufu ikakatika.

"Kama si yeye," fundi aliuliza baadaye, "maneno yale aliyatoa wapi?"

Mganga alifunga mkoba wake. "Majini husikiliza milangoni," alisema, bila kumtazama.

Mnyama alipona. Anakula, analala chini ndani ya beseni, ananenepa. Fundi humlisha kila asubuhi uso kaugeuzia ukutani.

"Angalau huyu tumemwokoa," mume alimwambia siku moja.

Fundi akanawa mikono taratibu.

"Ungeniacha niitike," akasema.