Njaa Ndani ya Vikapu

Kila asubuhi maji yakipwa, Chapuchapu na mama mkwe wake walishuka ufukweni. Majirani walimpa jina hilo kwa wepesi wa mikono yake. Wawili hao walifuga chaza katika vikapu vya wavu. Vikapu hivyo alivitundika mume wa Chapuchapu, akavifunga midomo kwa kamba, miezi michache kabla ya kufa.

Chaza walikua. Vikapu vikajaa pomoni.

"Mama, tuwapunguze," alisema Chapuchapu.

"Thubutu! Mwanangu alizifunga kamba hizi kwa mkono wake."

Chapuchapu akanyamaza. Hata yeye moyo ulimuuma kuzikata.

Kisha chaza wakaanza kufa. Waliobaki walikonda, nyama yao maji matupu.

Chapuchapu akapeleka chaza kumi kwenye maabara ya uvuvi. Mama mkwe alimfuata shingo upande. Mpimaji, binti mwenye koti jeupe, aliponda nyama yao, akachuja maji yake kwenye kichupa. Katika kichupa cha pili aliweka maji ya chaza wenye afya. Akadondosha iodini. Cha pili kikageuka kahawia nyekundu. Chao kikabaki na manjano ya iodini tu.

"Chaza akishiba huweka wanga wa akiba mwilini," alieleza mpimaji. "Unaitwa glikojeni. Ndio unaobadilisha rangi. Wenu wameumaliza."

"Ni ugonjwa?" aliuliza mama mkwe.

"Sijaona dalili za ugonjwa, bibi. Ni njaa. Wamebanana, chakula kinacholetwa na maji hakiwatoshi. Na wakitaga mayai, hata akiba kidogo huisha. Punguzeni, kila kikapu kibaki nusu. Msiwavune mpaka wanenepe."

Mama mkwe akaficha uso viganjani. "Kumbe nimewaua mimi."

"Wewe hukujua, mama. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Kesho yake mama mkwe alishika kisu mwenyewe. Fundo la kwanza lilimshinda. Chapuchapu akaushika mkono wake, wakakata pamoja. Ndani, zaidi ya nusu yalikuwa magamba matupu; wakayatoa, wakawaachia walio hai nafasi.

Baada ya miezi minne mpimaji alipima tena. Safari hii kichupa chao kilikolea kahawia.

Walirudi nyumbani. Mama mkwe akaketi mlangoni.

"Mwanangu alikuwa akiimba kazini," alisema. "Na sauti yenyewe mbovu, kama bawaba kavu!"

Chapuchapu akacheka. Tangu mazishi, hawakuwahi kumzungumzia kwa kicheko. Akaketi karibu na mama mkwe, na wote wawili wakalia.