Tochi ya Mawe Membamba

Alama ilianzia kushoto kwa mlango, ikaizunguka nyumba yote, ikaishia pale pale ilipoanzia. Ilikuwa michirizi minne ya vidole katika udongo mwekundu ambao Hajira alikuwa ameukandika ukutani jana yake. Juu ya mlango ilipita mahali ambapo Mhina, mumewe, mtu mrefu, asingefika bila kupanda kigoda.

"Watoto hao," alisema Hajira.

"Watoto gani wenye mikono ya kufika huko?"

Hajira alichota udongo akaanza kuifuta ile michirizi, na Mhina akaona kwamba anaifuta bila kuitazama.

Mhina alikuwa Bwana Shamba wa kijiji, msomi wa chuo kikuu, na kijiji chenyewe kilikuwa kipya: nyumba zilizopangwa kwa kamba, mstari nyuma ya mstari, upande wa Misima, Handeni. Malori ya Operesheni Vijiji yaliwaleta watu hapo kutoka vitongojini mwao mwaka uliotangulia. Kitongoji cha kina Hajira kilikuwa ng'ambo ya kijito. Sasa palikuwa mahame, na nyasi zilikuwa zimekwisha kuimeza njia.

Jioni hiyo waliisikia sauti. Kiganja kikavu kilikuwa kikipapasa ukuta kwa nje, polepole, kama kipofu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua. Mafuta ya taa hayakuwapo dukani tangu mwezi mtukufu, kwa hiyo walikaa gizani, na gizani humo kulikuwa na harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, katika nyumba ambamo hakuna utambi uliowashwa. Sauti iliufikia mlango, ikanyamaza. Kisha Hajira, aliyekuwa ameketi mkekani, akasema kwa sauti ya mtu mwingine, kavu na ya kizee:

"Nyumba zenu zote ni moja. Yangu ni ipi?"

Kulipokucha Mhina alikwenda kwa Bi Mashavu, mganga aliyemjua bibi yake Hajira. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua kunde.

"Huyo ni pepo wa kwao," alisema. "Alikuwa akikaa na wanawake wa nyumba ile. Walimpa ubani na asali, hakumdhuru mtu. Lori lilipokuja, nani alimuaga kwamba mnahama?"

"Sijui, bibi."

"Hakuna. Basi kamfuata mtoto wao, na sasa kapotea."

Alasiri Bi Mashavu alimfunika Hajira shuka, akafukiza ubani, akamwita mgeni kwa heshima. Haikuchukua muda. Ile sauti ya kizee ilipotoka chini ya shuka, Mhina aliyekuwa amesimama mlangoni alisogea ndani asikie.

"Unataka nini ili uende kwenu?" aliuliza Bi Mashavu.

"Taa."

"Utapewa kandili."

"Kandili ya nini? Upepo wa bondeni utaizima kabla sijafika."

"Basi tochi. Ipo ya mwenyekiti, ya mawe manene, tutakuombea."

"Unanitania, Mashavu. Mkono niliopewa ni huu." Mkono wa Hajira ulitoka chini ya shuka, mwembamba, ukafunguka na kufungika. "Nataka ile ndogo ya kuweka mfukoni, ya mawe membamba, kama aliyokuwa nayo karani wa shamba la katani. Na mwanga wake uje mbichi. Asiutumie mtu kabla yangu."

"Ukipewa?"

"Siku ya Alhamisi, magharibi, nitaushika nivuke kijito. Nikivuka, namwachia mtoto wenu mkono wake, arudi na tochi yake."

"Na ukizimikiwa njiani?"

Chini ya shuka mtu alicheka kidogo, bila ubaya. "Asiye na njia hukaa alipo."

Jirani yao Kibwana, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ua bila kujificha sana, alimsindikiza Mhina mpaka kituo cha basi. "Pepo wa mkeo msomi kama wewe," alisema. "Wa mke wangu hana makuu. Kanga tu, na akikosa kanga, sukari." Siku nyingine Mhina angecheka.

Korogwe, duka la ushirika lilikuwa na rafu nyingi na vitu vichache. Valerian, muuza duka, aliweka tochi tatu juu ya meza. Moja ilikuwa ndefu, ya mawe matatu ya betri, ya walinzi. Moja ya mawe mawili manene.

"Chukua hii," alisema Valerian. "Mawe yake yapo kila mahali, hata huko kwenu Handeni. Na ni imara, ukimpiga nayo mbwa hapigi kelele mara ya pili."

"Na ile ndogo?"

Valerian aliiinua kwa vidole viwili. Ilikuwa ya bati jeupe, fupi kama kidole cha kati, yenye kibanio cha kuchomeka mfukoni. "Hii ni pambo, ndugu. Inakula mawe membamba. Ninayo haya mawili tu, yaliyokuja nayo. Yakiisha, labda Tanga, labda Mungu. Mtu mwenye akili hanunui tochi asiyoweza kuilisha."

Mhina alikuwa mtu mwenye akili. Alishika ile ya mawe manene, akaipima mkononi, akawaza jinsi ingewafaa baadaye. Kisha akaukumbuka mkono ulivyofunguka na kufungika, akaichukua ndogo.

"Nikuwashie uone?"

"Usiwashe," alisema Mhina, kwa haraka iliyomshangaza Valerian.

Alhamisi ilikuwa bado mbali.

Bi Mashavu alimwagiza aiweke tochi mbali na mikono ya watu. Mhina aliiweka chini ya mto wake. Jioni ya kwanza Hajira alilala mapema, uso ukutani, akipumua vizuri, naye alikaa kando yake gizani akisikiliza pumzi ile na kujaribu kuilinganisha na pumzi aliyoizoea miaka yote ya ndoa yao, na alipoilinganisha aliona kwamba hajawahi kuisikiliza. Angeweza kumwamsha. Lakini akimwamsha, nani angeitika? Alitoa tochi, akaifunika kwa kiganja, akawasha. Kulikuwa na shavu, sikio lenye kipuli, nywele alizozisuka Jumapili. Alikuwa Hajira. Alizima mara moja, na usingizi ukamjia.

Jioni iliyofuata aliwasha tena, ili apate usingizi. Kisha tena, alfajiri, kwa sababu Hajira aligeuka. Kila mara alikuwa Hajira, na kila mara nafuu ile ilidumu kidogo kuliko ya kwanza.

Jumanne usiku aliwasha akakuta macho ya Hajira yako wazi.

Yalikuwa yakiutazama mwanga moja kwa moja, na mboni zake hazikusinyaa kama mboni zinavyosinyaa mbele ya mwanga, zilibaki pana na nyeusi, na hakupepesa, wala hakuuliza mumewe anafanya nini, na Mhina hakuthubutu kuzima kwa sababu aliona kwamba akizima atakuwa gizani pamoja na macho hayo bila kujua yanatazama wapi, basi aliendelea kumwangaza mpaka mwanga ukaanza kuwa wa manjano, mpaka Hajira, au aliyekuwa akitumia macho yake, akayafumba taratibu kama mtu aliyeshiba.

Asubuhi Mhina aliyatoa mawe akayaanika juani juu ya ungo.

"Yameisha mara hii?" aliuliza Kibwana akipita na jembe.

"Yamepata unyevu."

Jioni aliijaribu, kitambo kidogo tu. Mwanga ulikuwa mweupe. Alijua, kwa elimu yake, kwamba jua halirudishi kilicholiwa ndani ya jiwe. Linaliamsha kidogo tu. Alijua pia kwamba hakuna mawe mengine mpaka Tanga. Hakumwambia Bi Mashavu.

Alhamisi, magharibi, Bi Mashavu aliwangoja ukingoni mwa kijiji na chetezo mkononi. Aliipokea tochi kwa Mhina, akampa Hajira.

"Mfuate nyuma," alimwambia Mhina. "Usiseme neno. Pepo akivuka, Hajira atakuita kwa sauti yake."

Hajira aliwasha, akaingia katika nyasi.

Alitembea upesi, kama mtu anayeikumbuka njia kwa nyayo, na duara dogo jeupe lilitangulia mbele yake likigusa mashina na vichuguu, na Mhina alifuata akisikia ile harufu ya utambi ikirudi nyuma kumjia usoni, na kadiri walivyoteremka bondeni duara lilikuwa la manjano, kisha la rangi ya chai, kisha halikugusa tena mashina bali lilining'inia tu kwenye mkono wake, na alianza kusikia maji ya kijito, yako karibu, pengine hatua chache mbele ya migomba ile, na alikuwa akiomba kwa maneno yote aliyofundishwa utotoni wakati uzi wa ndani ya kioo ulipobaki mwekundu kama kaa, ukaonekana wenyewe bila kuangaza kitu, na ukafa.

Nyasi zilinyamaza. Maji yaliendelea kulia mbele.

"Nani ameula mwanga wangu?" Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka.

Mhina alijua kwamba hakuna faida ya kusema uongo hapo. "Mimi."

"Uliutakia nini?"

"Nilikuwa nikimwangalia. Nijue kama ni yeye."



"Basi endelea kumwangalia," ilisema ile sauti, na mkono mwembamba ukamshika wake, ukamwongoza kurudi juu, gizani, bila kujikwaa hata mara moja.

Bi Mashavu alisikia nyayo zao. "Amevuka?"

Mhina alifungua kinywa.

"Amevuka, bibi," alisema Hajira kwa sauti yake mwenyewe, sauti nzuri, yenye kicheko kidogo mwishoni. "Tumemaliza."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mashavu, akamwaga makaa ya chetezo mchangani.

Asubuhi Hajira alifagia ua. Tatu, mke wa Kibwana, alimsalimu kutoka ng'ambo ya uzio, akamuuliza amelalaje, na mama yake wa Kwashemshi anaendeleaje na mguu. Hajira alijibu yote, moja baada ya jingine, kwa utaratibu. Alisema mguu unapata nafuu. Alimtania Tatu kuhusu sukari ya pepo wake, na Tatu akacheka mpaka akashika uzio.

Kisha Hajira akageuka akamtazama Mhina aliyekuwa mlangoni, akangoja, kama mwanafunzi anayetaka kujua kama amepatia.