Jibu la Pili la Beberu wa Salhiya

Mbuzi wa Mwatum walilala nyuma ya jiko. Kila alfajiri aliwatoa mwenyewe kabla ya kwenda kwenye mwani. Asubuhi ile alikuta mmoja ametupa mimba, kama mwenzake aliyetupa akafa mwezi uliopita. Akakiokota kilichotoka kwa mikono mitupu, akakitupa kichakani.

"Maradhi haya yameletwa," alimwambia mumewe, Hamad. "Na mletaji nnamjua. Ni beberu wa Salhiya. Kiwengwa nzima tunapandisha kwake."

Daktari wa mifugo, Bi Ummukulthum, alikuja na sindano. Alitoa damu ya mbuzi wote wa Mwatum, hata yule mweupe aliyepewa na wifi yake wa Tunguu baada ya harusi yake na Hamad. Kisha akaenda jirani kwa Salhiya, akatoa ya beberu. Damu ilipojitenga, alichanganya tone la maji yake ya juu na dawa kwenye kibao cheupe. Ya mbuzi wa Mwatum ilibaki laini. Ya beberu ikafanya chengachenga.

"Si nilisema!" Mwatum akapiga makofi.

"Umesema. Sasa nisikilize mimi," alijibu daktari. "Hiki ni kipimo cha haraka. Kinatuonyesha wa kumshuku tu. Mara nyengine kinamsingizia mzima. Mara nyengine kinampita mgonjwa, hasa aliyeambukizwa karibuni. Damu zote nnazipeleka maabara zikapimwe kwa njia nyengine. Mpaka nirudi, mbuzi wasichanganyike. Maziwa yachemsheni. Na mimba iliyotupwa haishikwi kwa mikono mitupu, inazikwa shimo refu."

Mwatum aliitikia kwa kichwa. Lakini maji yalipokupwa, alisimama katikati ya kamba za mwani na kupaza sauti.

"Jamani, beberu wa Salhiya mgonjwa! Kapimwa, nimeona kwa macho yangu!"

Salhiya alikuwa papo hapo, ameinama. Aliendelea kufunga mwani. Wiki ile alipeleka maziwa kwenye hitima, yatiwe kwenye chai. Sufuria ikarudishwa kwake imejaa vile vile.

Daktari aliporudi, hakukaa hata kitako.

"Beberu mzima. Mgonjwa ni yule mweupe wako aliyetupa mimba."

"Mbona kipimo kilisema mzima?"

"Kilisema hivyo, na nilikwambia usubiri. Huyu alipofika ulimtenga? Ulimpima?"

"Zawadi ya harusi, Bi daktari! Ningemtenga, wifi angenuna."

"Bora angenuna. Huyu ataondolewa kwa utaratibu wetu. Waliobaki nitawapima tena. Na wewe uliyeshika kwa mikono, nenda kituo cha afya ukapimwe. Watu pia wanaambukizwa."

Uso ulimuwaka Mwatum. Aliikumbuka ile sufuria iliyorudi imejaa, akatamani ardhi ipasuke.

"Nenda kwake ukamtake radhi kimya kimya," alishauri Hamad.

"Nilimsema mbele za watu. Kimya kimya itamfaa nini?"

Maji yalipokupwa tena, alisimama pale pale.

"Jamani, beberu wa Salhiya mzima. Mgonjwa alikuwa mbuzi wangu. Nilisema kabla ya jibu la maabara. Salhiya, niwie radhi."

Salhiya aliinua kichwa. "Siku ile sauti yako ilifika mpaka hotelini kule ufukweni. Leo hata mwenzetu Simai hapo pembeni yako hajasikia. Rudia."

Wanawake wakacheka. Mwatum akarudia kwa sauti kubwa, machozi yakimtoka.

"Sasa shika kamba hii, tufunge mwani," alisema Salhiya.

Mbuzi waliobaki walipimwa, wakarudiwa, wakaonekana wazima. Siku hizi mbuzi mgeni akiingia kwa Mwatum hufungwa peke yake mpaka majibu ya damu yarudi, anune atakayenuna. Msimu wa kupandisha ulipofika, Salhiya alimleta beberu wake mwenyewe.

"Kapimwa tena," alisema. "Hilo nalo katangaze."

Mbuzi wakazaa salama. Mwatum alikamua, akachemsha maziwa mpaka yakafura, akapeleka sufuria kwa Salhiya, akarudi nyumbani kungoja.

Sufuria ilirudi tupu, imeoshwa.