Talaka ya Salamabila

— Sema tena. Uliniita nani?

Faida alikuwa amesimama nyuma ya pazia, kilemba cha mchezo kimeanguka mabegani. Upande wa pili wachimba dhahabu wa kampu ya Salamabila walikuwa wanapiga makofi na kugonga mabati kama watu waliopewa likizo. Ismaël alikuwa hajawahi kupigiwa makofi ya namna ile tangu aanze kazi yake.

— Faida, watu wanatuita. Twende tuiname, kisha tutasema.

— Miye nimekuuliza kitu. Kwenye mchezo jina langu ni Zaina. Miezi tisa naitwa Zaina. Leo uliniita nani?

Ismaël aliangalia upande wa makofi.

— Nilikosea.

— Mara tatu?

Makofi yaliendelea. Faida alivuta kilemba chake mabegani, akatoka kwa mlango wa nyuma, na mume wake akaenda kuinama mbele ya watu peke yake.

Ngoja niwaeleze vizuri, kwa sababu jambo hili lilizungumzwa sana Kasongo mwaka ule wa 1957, na wengi walilizungumza vibaya.

Ismaël alikuwa mtoto wa Kasongo, wa familia ya Kiislamu ya mjini, na kazi yake ilikuwa kutunga michezo ya teatre na kufundisha watu kuicheza. Tajiri wa kumwajiri hakuwa naye. Bwana wa kilimo akitaka mchezo wa kuhimiza pamba, Ismaël anaufanya. Mapadri wakitaka mchezo wa Noeli, anakwenda, Mwislamu mzima, kuwafundisha Wakristo namna ya kupiga magoti mbele ya hori. Muganga wa serikali alitaka mchezo wa vyoo. Akacheza hata vyoo. Kila mtu alimtaka kwa wiki tatu, hakuna aliyemtaka kwa mwaka. Na katika buku yake ya kazi karani alimwandika mkulima, yeye ambaye jembe alilishika siku ya kuazimwa tu.

Shida yake kubwa ilikuwa wanawake. Hakuna baba wa Kasongo aliyekubali binti yake asimame mbele ya wanaume. Basi sehemu za wanawake zilichezwa na madume yenye ndevu, na watu wakicheka pale walipopaswa kulia. Hadi siku moja Faida, mke wake wa ndoa, alipomwambia:

— Nipe miye ile sehemu. Miye niko muke wako, nani atasema?

Aliyesema ni baba yake, Mzee Faradji. Alimwita mkwe wake barazani.

— Nimesikia ndani ya mchezo wako iko mume anaacha muke wake.

— Iko, baba. Ndiyo roho ya mchezo.

— Basi sikiliza. Binti yangu acheze, sababu yeye mwenyewe ametaka. Lakini neno la talaka lisitoke kwa kinywa chako mbele yake. Hata kwa kucheka. Ile neno haina mchezo.

— Baba, sehemu ya mume anaicheza Marcellin. Ni Mukristo. Yeye hata akisema talaka mia, ni upepo.

— Mukristo ni sawa, alisema mzee.

Wakakubaliana hivyo. Miezi tisa Marcellin alimwacha Zaina kila Jumapili, kisha wanakwenda kula pamoja, na Ismaël anacheka kuliko wote.

Sasa turudi Salamabila, Jumapili ile ya makofi, saa sita mchana. Marcellin alishikwa na homa, anatetemeka chini ya mablanketi mawili, hajui hata jina la mama yake. Na mkubwa wa kampu, Mzungu wa kampani ya dhahabu, alikuwa ameahidi mbele ya makarani wake: mchezo ukimpendeza, atampa Ismaël kontra, mkataba wa miaka miwili wa kufundisha teatre katika kampu zote, nyumba ya matofali, na buku mpya ya kazi.

— Miye nitacheza mume, Ismaël alimwambia mke wake. Pale pa talaka nitasema tu, "Toka kwangu, Zaina." Watu wataelewa.

Faida alikuwa anakunja nguo zake. Alizikunja zote, hata zile za kesho.

— Cheza. Lakini leo ni mwisho. Kesho napanda kamio, narudi kwetu.

— Mwisho namna gani? Na kontra?

— Jana nilikwenda kuchota maji. Wanaume wa kampu wakaniita, "Weye Zaina, malaya, kuja huku." Juzi vile vile. Nilikuambia tulipokuwa Kabambare, ukasema vumilia. Nilikuambia hapa, ukasema vumilia. Mama yangu iko mugonjwa tangu mwezi wa tatu, sijamuona. Nimechoka, Ismaël.

— Miaka miwili tu, Faida. Nani mwingine atacheza? Bila weye siko kitu hapa!

— Bila Zaina, alisema Faida. Miye umenisahau tangu zamani.

Ismaël aliokota kamba. Alitoka akaenda kufunga pazia, akiikaza kwa hasira. Mtu ametembea miaka saba kwa miguu, na siku mlango unafunguliwa, mke wake mwenyewe anaufunga! Ndivyo alivyokuwa anasema moyoni, na moyo ukiachwa peke yake na hasira husema mengi.

Saa kumi mchezo ukaanza. Ukafika pale pa mume kurudi nyumbani. Ismaël alimtazama mke wake mbele ya wachimba dhahabu mia nne, na maneno waliyopatana yakamtoka kichwani. Yalitoka mengine, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kumfundisha Marcellin wala mtu yeyote:

— Faida, nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha.

Kilemba kikamwanguka Faida mabegani. Kisha makofi.

Jumatatu asubuhi Faida alikaa kiti cha mbele katika kamio, lori la Zéphirin, dereva wa bidhaa, karibu na mke wa dereva huyo, aliyekuwa anasafiri pia. Ismaël alishika mlango wa gari.

— Faida, shuka tuseme.

— Ukiwa umeniacha, sina ruhusa ya kukaa na weye chumba kimoja. Ukiwa haujaniacha, walimu watasema. Zéphirin, twende.

Ismaël alitaka kufuata siku ile ile. Lakini barabara ya Mkoloni haikuwa ya mtu mweusi mwenye haraka. Karatasi yake ya njia ilimruhusu kukaa kwenye kampu tu hadi mwisho wa mwezi. Kubadilisha kulihitaji muhuri wa ofisi ya serikali ya Kabambare, na mwenye muhuri alikuwa amekwenda kuzunguka vijiji. Akakaa Kabambare siku kumi na moja kwenye benchi ya ofisi.

— Mukubwa atarudi lini? aliuliza kila asubuhi.

— Atarudi siku atarudi, alijibu karani, bila ubaya wowote.

Aliandika barua, akampa Zéphirin alipopita tena na kamio lake:

"Muke wangu Faida. Ilikuwa mchezo. Marcellin alikuwa mugonjwa, weye unajua, kichwa changu kilichanganyikiwa na majina. Nakupenda kuliko kazi. Umuambie baba. Mumeo, Ismaël."

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Faida kusoma na kuandika, kwa karatasi za michezo, na herufi zake zilikuwa bado kubwa kubwa:

"Ismaël. Mama anasimama sasa, anakula. Sikuulizi kama unanipenda. Nakuuliza ile maneno ilitoka wapi. Usinijibu kwa karatasi. Baba amepeleka mambo kwa Mwalimu Abedi. Faida."

Akaisoma pale kwenye benchi mpaka karani akamwonea huruma, akamletea maji. Jioni ile ile Marcellin, aliyekuwa amepona, alifika kutoka Salamabila na bahasha ya kampani mkononi.

— Ndugu yangu, kontra imetoka! Mukubwa wa kampu anasema ile kuacha ya mwisho, hajaona kitu kama ile hata kwao Ulaya.

Ismaël alishika bahasha, asiifungue.

— Marcellin, weye ukisema ile maneno, unafikiri nini ndani?

— Miye? Nafikiri chakula, alisema Marcellin. Juu ya nini unauliza?

Ismaël alitia bahasha mfukoni.

Muhuri ulipatikana, akafika Kasongo siku ya Ijumaa. Baada ya sala alikaa kwenye mkeka wa baraza ya Mwalimu Abedi, mfundishaji wa chuo, mzee mpole aliyewafundisha nusu ya mji kusoma Kurani. Mzee Faradji alikaa upande mmoja na mashahidi wawili. Faida alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, pamoja na mama yake.

— Mwanangu Ismaël, alisema Mwalimu, ulisema ile maneno ao haukusema?

— Nilisema, Mwalimu.

— Kwa jina la nani?

— La Faida.

Mzee Faradji aliguna. Mwalimu akainua mkono.

— Ngoja, Faradji. Mutu akichezea talaka, inamushika. Ile najua, weye unajua. Lakini miye nikifundisha hapa chuoni, nikasema, "Mume akisema, 'Muke wangu, nimekuacha,'" bibi yangu haachiki, sababu nasema maneno ya mwingine. Sasa hii teatre sijaiona. Watu wananiambia ni kusema maneno ya mwingine. Basi iko swali moja tu. Ile saa, Ismaël, ulisema maneno ya yule mutu wa mchezo, jina likakuponyoka? Ao ulisema yako?

Mtu mmoja tu duniani alikuwa na jibu, na alikuwa amekaa pale mkekani.

— Ukiapa kwa msahafu kama ilikuwa ya mchezo, Mwalimu aliendelea, muke wako anatoka na weye sasa hivi, na baba yake hatasema neno.

— Sitasema, alisema Mzee Faradji. Niko mutu wa haki.

Wakaleta msahafu umefungwa kitambaa cheupe. Ismaël alikuwa ametawadha. Njia nzima kutoka Kabambare alikuwa amekariri kile kiapo, akapima mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kushusha macho. Hakukusudia kufanya hivyo. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini, na alimtaka mke wake kwa nguvu zote. Alitaka asikie viatu vya Faida nyuma yake wakirudi nyumbani, basi. Akaweka mkono.

— Mimi, Ismaël, mbele ya Mungu na mbele yenu wazee wangu...

Sauti ilitoka nzuri. Ilijaa baraza, ikatetemeka kidogo pale panapofaa. Shahidi mmoja alifuta jicho. Mzee Faradji mwenyewe aliinamisha kichwa.

— ...kwamba maneno niliyosema siku ile...

— Mwalimu! Mumuzuie!

Ilikuwa sauti ya Faida, kutoka ndani. Mama yake alimshika, ikasikika wanavutana.

— Binti, nyamaza, alisema baba yake. Anaapa.

— Asiape, baba! Miye nasimama na yeye miezi tisa, naijua hii sauti. Hii ndiyo ya mchezo. Anavuta pumzi vile anatufundisha kuvuta. Ile ya Salamabila haikuwa hii. Ile ilikuwa ndogo, ilikuwa yake. Mumuondoe mukono, ataungua motoni bure juu yangu!

Mzee Faradji aliinua kichwa. Ismaël alitazama mkono wake juu ya kile kitambaa cheupe, akataka uendelee kukaa, na haukuweza. Aliutoa polepole.

— Mwanangu? aliuliza Mwalimu.

— Ilikuwa yangu, alisema Ismaël. Nilikuwa na hasira. Kabla ya kusema nilitaka, na saa ya kumaliza nilikuwa sitaki tena. Mwalimu, haiko njia? Ilikuwa kitambo kidogo tu!

— Najua, mwanangu. Lakini tatu ni tatu. Miye sina kitu cha kukufanyia.

Na mzee yule mpole alikuwa analia. Mzee Faradji alisimama kama mtu aliyeshinda, akakaa tena, kwa sababu ushindi wenyewe haukumpa furaha yoyote.

Ismaël alisogea hadi karibu na pazia, asiliguse.

— Faida. Ungeninyamazia, tungekuwa tunakwenda kwetu.

— Ningenyamaza, tungeishi na nini? Miye kila ukisema unanipenda ningesikiliza pumzi.

— Na zile siku zingine? Miaka yote ile?

Nyuma ya pazia palisikika minong'ono. Mama yake Faida alikuwa anamwambia kitu kwa sauti ya chini, naye akakataa.

— Zile ulinipenda, alisema Faida. Mutu yeyote akiniuliza, nitamujibu vile.

Kisha viatu vyake vikasikika vinakwenda uani, na wanawake wa nyumba wakimpokea. Mashahidi waliaga mmoja mmoja. Mwalimu Abedi aliinua msahafu, akaurudisha mahali pake, akarudi kukaa. Ismaël alikuwa bado pale kwenye mkeka, karibu na pazia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aondoke.