Nyuzi Mbili Chini ya Kidevu

"Jirani?" Fundi cherehani alirudia, mkononi fomu ya hospitali aliyoijaza Mnadi. "Miaka mitatu tunakula sahani moja, leo mimi jirani?"

"Punguza sauti," alinong'ona Mnadi, ameketi kitini kando ya kitanda chake. "Wodi nzima inasikia."

"Wasikie. Majirani ndivyo tulivyo, tuna kelele."

Mnadi hakuweza kumtazama. Siku tano nyuma daktari alikata kipande cha koo lake la hewa, pale palipozibwa na kovu la mpira wa mashine ya kupumulia aliyowekewa alipougua awali, akaziunganisha ncha mbili zilizobaki. Kisha akamshona kidevu kifuani kwa nyuzi mbili nene za kukaa wiki nzima, asije akainua kichwa akachana pale palipounganishwa. Kwa hiyo Mnadi aligombana na gauni la bluu la Fundi, alilokuwa akiliona kuanzia magotini kwenda chini tu.

Sauti ndiyo iliyowakutanisha. Mnadi alikuwa juu ya meza sokoni akinadi nguo, Fundi akipita na vifungo vyake.

"Dada mwenye shingo ndefu, shati hili linakulilia."

"Lina mkono mmoja mrefu. Lilie wewe."

Alishuka mezani akamfuata.

Sasa Mnadi alinong'ona, "Daktari alisema sauti inaweza isirudi. Au nibaki na tundu shingoni maisha yangu yote. Nikiandika mchumba, ungefungwa na mimi. Nilitaka uwe huru, mpenzi."

"Uliniuliza?"

Mnadi akakazia macho viatu vyeusi vya Fundi.

"Siku ya upasuaji nilikaa saa tano nzima kwenye benchi. Daktari katoka, kaita ndugu wa mgonjwa, nikasimama. Akasoma fomu, akaniambia nikae. Kwamba uko hai niliambiwa na mama wa kupiga deki, kwa huruma yake."

"Nisamehe. Nipe kalamu, niandike mke."

"Nimekusamehe. Na nakupenda, hilo sikatai. Ila mtu wa kunipangia maisha huku mimi niko nje ya mlango, simtaki."

Akatoa simu, akampigia dada yake Mnadi. "Wifi, uko getini bado? Panda, ukae na kaka yako. Mito miwili nyuma ya kichwa. Uji kwa kijiko kidogo. Akitaka kutazama juu mkatalie, zimebaki siku mbili."

"Na wewe, wifi?"

"Nakwenda kwangu."

Dada alipoingia, Fundi alimfuta Mnadi jasho utosini, akachukua mkoba. Mnadi akajaribu kuinua uso, nyuzi zikamvuta ngozi, akarudi chini. Akaviona viatu vyeusi vikigeuka, hatua moja, mbili, kisha sakafu tupu.