Koti Jeupe Mlangoni

Foleni ya duka la rangi Jumamosi asubuhi haina adabu. Kila mtu ana ukuta unaomsubiri nyumbani, na kila mtu anaona wake ndio wa haraka. Fundi wa meno bandia alisimama katikati ya foleni hiyo na brashi moja ndogo mkononi, koti lake jeupe la kazini limenyooka kwa pasi, vifungo vyote vitano vimefungwa. Mbele yake mwanamume aliyebeba kanvasi sita kifuani aligeuka vibaya, akampaka mstari wa bluu toka begani hadi kiwikoni.

"Samahani sana, dada. Hiyo bado mbichi."

"Naona."

"Ni akriliki. Ukiiosha sasa hivi kwa maji, inatoka. Ukingoja tumalize kuombana radhi, itaganda na utazeeka nayo."

"Na nafasi yangu kwenye foleni?"

"Nitakushikia. Na brashi nikushikie. Bomba liko nyuma, chini ya ngazi."

Aliporudi na mkono uliolowa, nafasi ilikuwapo na brashi imekwisha kulipiwa. Mwanamume alivaa shati la drafti lenye mikono iliyokunjwa, na suruali yake ilikuwa na doa la kila kibao alichowahi kuandika mjini. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuandika vibao vya maduka. Lakini Jumatano jioni na Jumamosi alifundisha uchoraji katika chumba cha juu ya duka lile lile.

"Nafundisha watu wanaoogopa," akasema.

"Wanaoogopa rangi?"

"Wanaoogopa kukosea. Rangi yenyewe haina ugomvi na mtu. Njoo uone."

Akaenda. Tusidanganyane, hakuenda kwa ajili ya rangi.

Siku ya kwanza alikaa dakika arobaini mbele ya kanvasi bila kuigusa. Wanafunzi wenzake kumi walikuwa waoga pia, ila waoga wa kawaida. Kazini kwake, kosa lenye unene wa unywele hurudishwa na mteja mwenyewe, tena akiwa na hasira na hana meno. Mwishowe alichora ndimu moja, ndogo kama kifungo cha shati, kwenye pembe ya chini.

Mwalimu akainama. "Hii ni ndimu au ni inzi?"

"Ni ndimu iliyo mbali."

"Imekimbia nini?"

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka, jambo ambalo hakulitarajia.

"Chora kubwa, Fundi Meno," mwalimu akasema. "Ukikosea, subiri dakika ishirini, ikauke, upake juu yake. Hakuna atakayejua."

Chumba kile kilikuwa na sheria moja tu: andika jina lako nyuma ya kanvasi. Isiyo na jina, Ijumaa mwalimu anaipitishia rola ya rangi nyeupe, itumike tena na mwingine. Waoga wale hawakuandika majina, na Fundi Meno hakuandika hata mara moja. Aliona haya, kitu kibaya kisicho na mwenyewe hakimwaibishi mtu. Wala haikumdhuru, kwa sababu kitu kidogo pembeni kilimtambulisha kuliko jina. Kila Ijumaa mwalimu alikitoa kwenye rundo na kukiweka rafuni kwake: ndimu, kikombe, funguo. Siku alipoiona rafu ile kwa mara ya kwanza, Fundi Meno alifika nyumbani bila kukumbuka njia aliyopita.

Baada ya hapo simu za mwalimu zilianza, saa ya mapumziko ya mchana.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Natengeneza magego."

"Ya nani?"

"Ya mzee mmoja anayetaka kuoa."

"Basi usimcheleweshe. Kuna wengine pia wana haja hiyo."

"Wana meno hao?"

"Yote. Njoo uhesabu."

"Fanya kazi, Mwalimu. Kibao cha watu kinakusubiri."

"Nimekosea herufi. Nimepaka juu, nangoja ikauke."

Mwezi wa tano wa masomo barua ilikuja. Hospitali ya mji mwingine ilimtaka awe mkuu wa karakana yake ya meno. Ndani kulikuwa na fomu ya makazi: weka alama, chumba cha mtu mmoja au nyumba ya wenye familia. Irudishwe Jumatatu, si hii inayofuata bali ya baada yake, kabla ya saa sita mchana.

Jumamosi hiyo, wanafunzi walipoondoka, alimwonyesha mwalimu. Mwalimu aliisoma huku akikausha brashi kwa aproni yake.

"Nenda," akasema. "Hiyo ni kazi yako, ulizaliwa nayo. Ila nataka kwenda na wewe. Vibao viko kila mji. Nataka tuoane."

Fundi Meno akalitoa koti lake kwenye msumari wa mlangoni, akaanza kulifunga vifungo.

"Usinijibu sasa. Nakujua, ukiharakishwa unajifunga. Nijibu kwenye kanvasi. Ijumaa nitaangalia."

Jumatano mwalimu hakuwapo. Alikuwa juu ya ngazi mtaa wa tatu, anamaliza kibao cha kinyozi. Aliacha maagizo ubaoni: *Choreni mlango wa chumba hiki. Dakika tisini.* Wote wakachora mlango, na mikoba yao ikining'inia kwenye misumari. Fundi Meno alichukua brashi pana kuliko zote. Akachora mlango kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye msumari akachora koti lake jeupe, na kwenye msumari huo huo, aproni ya mwalimu. Koti alilipaka rangi nzito, kama anavyopaka jasi kazini, na vifungo vitano akavitokeza kimoja kimoja. Hakuwahi kuchora kitu kikubwa vile maishani. Akaisimamisha kwenye rundo, akaondoka. Jina hakuandika, kama wenzake wote; mazoea yana taabu.

Jumamosi alipanda ngazi akiwa amevaa gauni la kijani alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo. Kanvasi kumi na moja zilikuwa zimeegemea ukutani, nyeupe zote.

"Karibuni, tuanze," mwalimu akasema, bila kumtazama.

Fundi Meno akazihesabu kwa macho. Kisha akashuka. Amejibiwa. Alipofika nyumbani alichukua kalamu ya wino, akaweka alama penye chumba cha mtu mmoja.

Shangazi, aliyemlea na ambaye bado aliishi naye, alimvumilia hadi Jumapili.

"Gauni jipya jana umelivua saa nne asubuhi. Kuna nini?"

"Niliweka jibu, Shangazi. Amelipaka nyeupe."

"Umemuuliza kwa nini?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Sikuuliza macho. Mdomo umeuuliza?"

Akaikunja fomu mara mbili.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Wewe unawapa watu midomo, na wako umeufunga."

Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa mlangoni pa chumba kile, koti limefungwa vifungo vyote, fomu mfukoni. Mwalimu alikuwa peke yake, na kanvasi zilikuwa nyeupe bado; Jumamosi darasa lilichora kwenye karatasi. Alikuwa amekonda, au hakuwa amelala.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," Fundi Meno akasema. "Kama hukutaka tena, kwa nini hukusema? Kwa nini umelifuta jibu langu?"

"Nimefuta nini? Mimi ndiye niliyengoja jibu. Ijumaa nimepitia kanvasi moja moja, mara tatu. Nimetafuta kitu kidogo pembeni. Hakuna. Nikajua hilo ndilo jibu. Nikashika rola."

"Hukuona koti?"

"Niliona mikoba, makoti, aproni, miavuli. Wote walichora vitu vyao. Na lile lilikuwa kubwa, mkono wa mtu asiyeogopa." Akaitazama rola. "Halikuwa na jina."

Fundi Meno akazifuata kanvasi. Alipiga magoti ukutani, akapitisha kidole kwenye kanvasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vidole vyake vilikuwa vya kazi, vilihisi kisichoonekana. Kwenye ya saba vikasimama.

"Lete mkono."

Akauchukua mkono wa mwalimu, akaupitisha juu ya weupe. Kifungo. Kifungo. Kifungo. Mwalimu alivihesabu vyote vitano, kisha kidole chake kikateleza pembeni, kikagusa kamba ya aproni.

"Hii ni yangu," akasema polepole.

"Msumari mmoja. Nilidhani utaelewa."

"Miezi mitano nakuhimiza uchore kubwa. Siku umenisikia, nimekupaka chokaa." Alikaa chini sakafuni pale pale, akafunika uso kwa viganja.

Fundi Meno alichukua penseli, akaigeuza kanvasi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika la mwalimu. Akamgeuzia asome. Mwalimu alisoma kwa muda mrefu mno kwa majina mawili tu.

Ndipo akaitoa fomu mfukoni. "Kuna tatizo. Nimeshaweka alama, tena kwa wino."

Mwalimu aliitazama alama ile, akainuka. Akachovya brashi ndogo, ile ya siku ya foleni, kwenye kopo la rangi nyeupe, akaifuta kwa mguso mmoja. Fundi Meno akashika kalamu.

"Ngoja kwanza," mwalimu akasema. "Bado mbichi. Dakika ishirini."

Fundi Meno akatazama saa, akafungua vifungo vya koti, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni, juu ya aproni, akaketi kungoja.